Safu Mbili

Kulia, kilichoondoka Sibu.
Kushoto, kilichofika Shimizu.
Mwaka baada ya mwaka, kwa mita za ujazo,
na kazi yangu, mimi Setsuko, ni kuuliza
kwa nini pacha hawa hawafanani.

Ningetarajia bahari imege kidogo.
Dhoruba hukata mnyororo,
gogo moja moja hujiponyokea gizani.
Lakini tazama meli hii, Aprili ya sabini na tisa:
wao waliandika magogo elfu moja na mia mbili,
sisi tukapakua elfu moja na mia tano.
Tangu lini maji ya chumvi yakazaa miti?

Bwana Kuwabara, mkuu wangu, ana majibu yake:
wao hupima ncha nyembamba, sisi twapima katikati;
wao hutoa uvungu wa ndani, sisi hatutoi;
meli huondoka Desemba, hutia nanga Januari,
ikaandikwa kwenye mwaka usio wake.
Kweli tupu. Nimeyaondoa yote hayo
kama mtu achambuaye mchele.
Chuya zimekwisha, na ungo bado una kitu
kisicho chuya wala mchele.

Nikaandika barua Sibu.
Jibu lilikuja mvua zilipokwisha,
mwandiko wa Jelian anak Sandom, karani mstaafu:

*Bibi, nilikuwa na kalamu mbili.
Ya bluu iliandika nilichokiona.
Nyeusi iliandika nilichoambiwa nimekiona.
Daftari la bluu lilichukuliwa na mafuriko ya Rajang,
au nililipa mafuriko mwenyewe, sikumbuki sawasawa.
Watoto watano, na ada za shule hazikuwa na mzaha.
Mti hauendi ila kwa nyenzo;
basi na mimi nilikuwa nyenzo.
Usiniulize idadi. Niulize mto.
Meranti huelea. Belian huzama kama jiwe,
tuliifunga kwenye miti myepesi ili isafiri.
Kuna asubuhi mke wangu alishuka na ndoo
akangoja hadi jua la utosini
magogo yapite, aone maji.*

Nimeisoma mara nyingi. Haina tarakimu hata moja.

Kwenye grafu yangu mstari wa Sibu unapanda,
unatuna, kisha unalala chali.
Ukilala huo, mwingine huinuka: Moresby,
halafu Libreville, halafu majina mapya,
kama waombolezaji njiani kuelekea makaburini
wakipokezana jeneza bega kwa bega
bila hata mmoja kuuliza ni nani aliyemo.

Penye miti hapana wajenzi, husemwa.
Kwetu wajenzi walikuwapo.
Baba yangu alikuwa fundi wa zege.
Alipigilia plaiwudi ya meranti, akamimina,
akangoja siku tatu, akaibandua.
Akaitumia tena, na tena,
mara ya nne akaichoma apate kuota moto.
Karne mbili kusimama msituni,
wiki mbili kushikilia ukuta.

Kwenye ripoti, chini ya tofauti, nimejaza
neno ambalo Bwana Kuwabara hulipenda:
*haijaelezwa*.

Nakaa jengo alilolijenga baba.
Ngazi zake hazikuwahi kupigwa plasta.
Usiku, balbu ikimulika kwa upande,
ukuta unatoa mistari ya mti,
mawimbi mapana, na hapa na pale fundo,
jicho lililobanwa kwenye zege lingali bichi.
Nimeweka kiganja. Baridi.
Zege halikuwa na kalamu ya pili.

Nimeanza kuhesabu kutoka chini, na penseli mkononi.
Jirani ameniamkia, akapita na taka zake, hakuuliza.
Nimefika ghorofa ya tatu.
Mafundo arobaini na moja,
na jengo lina ghorofa tano,
na mtaa una majengo kumi na nane.